Uliposema Hatuna Siri

Lusajo mdogo wangu,

Nimekukasirikia, na kaburi lako halijaota hata majani. Wacha nikuseme, maana wewe ndiye uliyeanza.

Unakumbuka siku ujumbe wetu wa kwanza ulipofika Isongole bila laini wala bando, ukiruka kutoka redio hadi redio, vile vidude vyako vya kutumiana maandishi? Ulicheka mpaka ukakaa kwenye tope. Nikakuambia, "Sasa tuweke nywila, asome anayeandikiwa tu." Ukanibeza: "Dada nawe! Tuko watu kumi na moja tunaocheza na redio. Nani ana haja na habari za viazi vyako?" Wenzako wakakuunga mkono. Mama naye ukamwekea redio yake dirishani jikoni, awe anasoma salamu za kila mtu, asiwe mpweke.

Haya. Pikipiki ikakuangusha, ukatutoka hospitali pale Tukuyu, mchana kweupe. Simu ya mjomba haipatikani. Nikatoa redio kwenye mkoba, nikamwandikia: "Lusajo amefariki. Mama asijue mpaka wazee wafike wamkalishe." Mama asijue! Nimeandika hivyo mimi, niliyekuwa nadai nywila, mahali panaposomwa na wote. Mama alikuwa anamenya ndizi. Redio ikalia, akasoma.

Wazee walipofika nyumbani Matwebe walimkuta ameketi chini, kanga kichwani. Wakaanza kama desturi: "Mama, Lusajo anaumwa kidogo, jiandae twende." Akawatazama tu.

Jumapili wenzako wamekutana. Mmoja akathubutu kusema, "Lakini jamani, tuna siri gani sisi?" Nilimpandishia sauti, Lusajo! Nilimuuliza kama angependa mama yake asomewe msiba na kidude huku ana kisu mkononi. Nywila zikawekwa siku hiyohiyo, redio zote, bila kura wala mjadala. Ilibaki ya mama tu. Nikaenda kuichukua, nikidhani atanishukuru.

Mwee! Aliikumbatia kama mtoto mchanga.

"Gwe mwanangu, hii huondoki nayo," akasema. "Siku ile watu wazima watano walisimama mlangoni pangu wakanidanganya. Hiki ndicho kilichoniambia ukweli. Ukifa na wewe, nitaambiwa na nani?"

Nimemwachia, na nywila zetu zote nimempa.

Pumzika, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako, niliyemwambia mama kabla ya wazee.