Chumvi ya Edinburgh

Jumapili, jioni. Mvua ya huku hainyeshi, inasumbua tu. Inakulowesha bila kelele, na ukifungua mwavuli upepo unaugeuza ndani nje. Nimekaa juu ya kitanda cha hoteli na viatu mguuni. Nimekaa, nimesimama, nimeenda dirishani, nimerudi. Moyo haukai.

Bon. Wenzangu wa kazini wanajua nimekuja Edinburgh kutalii. Mimi ni mpishi kwenye jiko la shule, Glasgow, na Ijumaa walinipigia hata makofi. Zaina amechukua wikendi peke yake! Zaina sasa atajua raha! Niliwaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba nimemkimbia mama yangu, ambaye yuko Kisangani na hawezi hata kunifuata.

Alipiga simu Alhamisi. Mama yangu hajui kuzunguka.

"Zaina, imamu amesema inatosha. Tunataka tumusomee Salumu hitima. Bandugu zako bote wamekubali. Ni wewe tu tunangojea."

Salumu ni kaka yangu mkubwa. Yaya Salumu, ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa wetu. Alitoka nyumbani kwetu Kabondo na baiskeli yake wakati wa vita ya siku sita, pale majeshi mawili ya kigeni yalipochagua mji wetu kuja kupigana, na hakurudi. Hakuna aliyemwona ameanguka. Baiskeli nayo haikuonekana. Mimi miaka yote hii nimeing'ang'ania hiyo baiskeli: kama angekuwa amepigwa, ingebaki barabarani, si kweli? Donc, yaani, alipanda akaenda. Kuna aliyesema alimwona Banalia. Mwingine akasema hapana, yuko Opala, ana mke na watoto. Niliamini yote mawili.

Sasa hitima ni kisomo cha mtu aliyekufa. Tukiisoma, tumesema. Wadogo zangu wako tayari, mama yuko tayari, ila hataki kuisoma kama mtoto wake mmoja anakataa. Na huyo mtoto ni mimi. Kuna neno moja ambalo watu huliweka mbele ya jina la mtu wa namna hiyo, na mimi sijawahi kuliweka mbele ya jina la yaya. Nilimjibu mama: nipe wikendi.

Ndiyo hii.

Jana asubuhi niliamua niwe mtalii kweli. Nikavaa koti, nikapanda ule mtaa wa zamani wa mawe unaokwenda ngomeni. Nyumba ndefu, nyeusi kwa moshi wa zamani, na katikati yake vichochoro vyembamba ambavyo ukiingia hujui utatokea wapi. Ni mji mzuri, sikatai. Nilipiga picha tatu nne za kuwaonyesha wenzangu.

Halafu nikasikia ngoma.

Watu walikuwa wanateremka, wengi, wamejaza barabara. Bendera za bluu zenye msalaba mweupe. Zumari zao za mfuko. Watoto mabegani. Nikasoma bango la kwanza, nikasoma la pili. Wanadai uhuru wa Scotland. Dipanda! Neno lilelile ambalo papa, baba yetu, alituambia walilicheza usiku kucha Kisangani, wakati mji bado una jina la mzungu, na baada ya ngoma ikaja maasi, na baada ya maasi mji ukahesabu maiti zake.

Sikufikiri kitu. Miguu iliniingiza dukani.

Ni bibi yangu aliyenifundisha. Yeye aliona dipanda, akaona maasi, na alichobaki nacho ni sheria moja ya nyumbani: ukiona watu wanapita na bendera, usiulize bendera ya nani, nunua chumvi. Chakula utaokota, ndizi ziko, majani yako. Chumvi ikifungiwa njia haioti shambani. Basi mimi, mwanamke mzima mwenye meno ya bandia mawili, nimetoka kwenye duka la Edinburgh nimebeba kilo mbili za chumvi, mishumaa na kiberiti.

Kando ya mlango alisimama mzee mmoja wa maandamano, amevaa ile sketi yao, amejifunga bendera shingoni. Aliniona nilivyoikumbatia ile chumvi, akaniuliza kama mimi ni mzima.

Nikamuuliza, "Wanajeshi watatokea upande gani?"

Akafikiri ni utani. "Wanajeshi? Tunateremka bondeni, tunasikiliza hotuba, halafu tunakwenda kunywa supu."

"Na msipopewa huo uhuru?"

"Tutarudi tena mwakani," akasema. "Mimi ninaandamana tangu nilipokuwa na nywele." Akavua kofia anionyeshe.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wallahi, watu wanadai dipanda halafu wanakwenda kunywa supu! Nyuma yao walikuwapo polisi wachache tu, mmoja anakula ndizi. Nilicheka, kisha nikaona wivu, wivu mbaya. Niliwaonea wivu wale watoto mabegani ambao kesho watakumbuka ngoma tu. Mzee akanipungia mkono, akaendelea kuteremka na wenzake.

Ngomeni pia nilikwenda, tikiti nilishanunua. Mlinzi alifungua mkoba wangu, akatazama chumvi, akatazama mishumaa, akanitazama mimi. Nikaufunga, nikapita. Ndani, mtu wa kutembeza wageni alikuwa anaeleza jinsi watu walivyozingirwa mle zamani wakala mpaka panya, na wageni wanacheka, na pembeni kuna duka la vikombe. Vita vyao vimekuwa vya zamani kiasi cha kuuza vikombe. Nilitoka kabla hajamaliza. Nilitembea mji wote jana, juu, chini, juu tena, na kilo mbili begani.

Kwa sababu yaya Salumu alitoka kwenda kutafuta chumvi.

Tulikuwa nayo, bibi alihakikisha. Lakini siku ya kwanza ya mabomu majirani walikimbilia kwetu, nyumba ya matofali, wakajaa hata chini ya vitanda, na mama akawapikia wote. Chumvi ikaisha. Siku zilizofuata tulikula lituma, ndizi zilizotwangwa, bila chumvi. Mama alisema tutakula hivyohivyo. Risasi zilipopumzika kidogo, yaya akasimama, akatikisa kichwa na lile cheko lake: "Lituma bila mungwa ni ya bagonjwa. Miye si mugonjwa." Akatoa baiskeli uani. Mama alimshika shati, shati likateleza mkononi.

Ndiyo hivyo tu. Kwenye jiko la shule wananitania kwamba ninashika chumvi kama dhahabu. Sijawahi kuwaeleza.

Leo asubuhi sikuweza kukaa hotelini. Nikafuata watalii mpaka penye sanamu ya mbwa mdogo, karibu na makaburi ya kanisa. Wanamshika pua, pua yenyewe imeng'aa. Bibi angeniona hata karibu na mbwa angenituma nikaoge mara saba! Baba mmoja alikuwa anamweleza bintiye kwamba mwenye mbwa huyu alikufa, na mbwa akalala juu ya kaburi lake miaka mingi, hakukubali kuondoka. Yule mtoto akauliza, "Alikuwa hajui kama amekufa?" Baba akasema, "Alijua, mpenzi. Ndiyo maana alilala pale."

Mimi nilibaki nimesimama hapo kwenye mvua.

Mbwa alijua. Na mimi je? Najua. Tangu zamani najua. Nilijua siku mama aliporudi kutoka kumtafuta akaketi kizingitini bila kuvua kitambaa cha kichwa. Hakuna Banalia. Hakuna mke wa Opala. Yaya wangu asingekaa Opala akamwacha mama bila hata salamu, yeye ambaye alikuwa hawezi kupita sokoni bila kumletea kitu. Nimemfanya mtu mbaya ili asife. Nimemnyima dua ili niwe na baiskeli.

Nikampigia mama palepale.

"Mama, nimenunua chumvi."

"Chumvi ya nini? Kule kuko vita?"

"Hapana. Niliona bendera tu."

Akaanza kucheka. "Ee Mungu! Mama yangu aliharibu batoto yangu yote!" Alicheka sana, mpaka na mimi nikacheka, watu wa mbwa wakageuka. Kicheko kikaisha. Nilisikia kuku wa kwetu kwenye simu.

"Kilo ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Mm."

"Mama, musome. Nimekubali. Nitaomba ruhusa kazini nije, na hii chumvi nitakuja nayo. Tuitie kwenye pilau ya hitima yake."

Nilifikiri mtandao umekatika, nikaita mama, mama.

"Niko," akasema. Sauti ilikuwa chini kabisa. "Donc imefika. Imechelewa, lakini imefika."

Nililia pale mbele ya mbwa wa watu, sikuona haya.

Sasa chumvi iko kwenye mkoba, nimeizungushia sweta isije ikapasuka. Mishumaa nitawaachia wa hoteli. Bado sijui nitasimama vipi uani kwetu, mbele ya watu wote, nimsikie imamu anataja jina lake pamoja na lile neno. Naona nijizoeze hapa, kwenye shajara, ambako hakuna anayenitazama.

Marehemu Salumu.

Marehemu yaya wangu, Salumu.

Nimeliandika. Treni ni kesho asubuhi. Ngoja nivue viatu.