Tetere Aliyebadilishwa Sikukuu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Kampung Baru, Kuala Lumpur
Jumamosi, tarehe 13 Aprili 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi

Jina: Deramae bin Useng
Umri: Miaka 69 kwa mujibu wa pasipoti. Shahidi anasema pasipoti inamzeesha.
Kazi: Mpishi wa mgahawa
Makazi: Jengo B, ghorofa ya nne, Kampung Baru. Kwao ni Tak Bai, mkoa wa Narathiwat, kusini mwa Thailand.
Shahidi hajui kusoma wala kuandika. Ameomba yaandikwe kama anavyoyasema.

Kwanza Sajini uandike kwamba wote waliokwambia habari hii wamekosea. Mama Saloma wa ghorofa ya tatu anasema nimemuuza ndege wangu. Mwongo. Vijana wa jikoni wanasema ndege aliruka, mimi nimezeeka nikasahau mlango wazi. Waongo, tena hawajui hata kukata vitunguu. Na mdogo wangu anatangaza kwetu Tak Bai kwamba nimempa zawadi ya sikukuu. Huyo ndiye nitakayemfikia. Mwenye habari ni mimi, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu aliyeibiwa ni mimi.

Nimekaa Kuala Lumpur miaka thelathini na moja. Napika supu ya tomyam. Sijisifu, lakini waulize watu. Kuna mkubwa mmoja wa serikali aliwahi kula bakuli tatu, akalia kwa pilipili, akaomba ya nne. Nimewahi kupika samaki wa kilo kumi na moja kwenye sufuria moja, mzima, kichwa na mkia. Miaka yote hiyo bado naingia kwa pasipoti, nagongewa muhuri kama mgeni. Hapa si kwetu. Lakini mke wangu Minah amezikwa hapa, Agosti mwaka jana, kwa hiyo sikukuu hii sikutaka kurudi kwetu. Nilitaka asubuhi ya Idi niwe kaburini kwake.

Ndege anayezungumzwa hapa ni tetere, njiwa mdogo mwenye mistari shingoni. Jina lake Intan. Minah ndiye aliyemlea tangu hajaota manyoya. Sajini wewe umezaliwa mjini, huenda hujui. Tetere wetu sisi hatumli. Tunampandisha kwenye mlingoti mrefu, tunakaa chini na kusikiliza. Sauti ina sehemu tatu: ya mbele, ya kati na ya mwisho. Wengi wana mbele tu, kama watu wengine ninaowajua. Intan ana mwisho. Ule mwisho wake unashuka polepole, unakaa, ndipo unaisha. Minah alikuwa akipiga vidole tak, tak, Intan anaitika. Alipofariki nikajaribu mimi. Siku arobaini hakuniitika. Siku ya arobaini na moja akaitika. Tangu hapo ndani ya nyumba tuko wawili.

Alama yake: mguu wa kushoto, kidole cha nyuma hakina ukucha. Paka aliuchukua. Wanaojua alama hiyo ni watu watatu. Mmoja amekufa. Wa pili ni mimi. Wa tatu ni mdogo wangu Asae, maana siku ile ya paka alikuwa amekuja kututembelea, na yeye ndiye aliyeshika ndege mimi nikimpaka dawa.

Mnamo Jumamosi tarehe 6 Aprili, saa moja na nusu asubuhi, niliwapokea stendi kuu ya mabasi Asae na mkewe Rohani. Asae ana miaka 58. Baba alikufa yeye yuko darasa la pili. Nimemlea mimi, kwa kuosha vyombo vya watu kule kwetu. Alinipigia simu mwezi wa Shaabani akasema, Abe, ndivyo tunavyoita kaka mkubwa kwetu, Abe, kama wewe huwezi kuja, tutakuja sisi. Usile Idi peke yako. Nilifurahi. Nilimwambia hata mwenye mgahawa. Niliwaachia kitanda, mimi nikalala sebuleni chini ya tundu la Intan.

Jumapili tarehe 7 niliwatembeza mji. Tulipanda treni ya juu, tukaenda kwenye yale majengo mawili marefu, Rohani akapiga picha mpaka shingo ikamuuma. Nilimwambia, shemeji, hayaondoki, pumzika. Tulifuturu mtaa wa Chow Kit, nikawaagizia vitu vyote mezani, nikawaonyesha wapi wanapika vibaya. Asae hakula sana. Aliuliza kama Intan bado ana mwisho ule ule. Nikasema umeboreka. Akasema kwetu kuna mashindano makubwa ya tetere mwezi wa sita. Nikamwambia Intan hashindani tena, yuko kwenye eda. Tukacheka.

Jumatatu tarehe 8, saa tano asubuhi, Asae aliniomba nimpeleke duka la ndege. Alitaka tetere wa bei rahisi wa kuchezewa na wajukuu. Nilimpeleka mimi mwenyewe. Nilimchagulia mimi mwenyewe. Alikuwa anakataa wote, huyu mweusi sana, huyu mnene, mpaka nikamwonyesha mmoja anayefanana na Intan kama pacha, akasema huyu. Nikabishana na muuzaji mpaka akapunguza bei na kutupa tundu bure. Na kwa kuwa lifti ya jengo letu ilikufa tangu kabla ya Ramadhani, nikabeba lile tundu ngazi sabini na mbili. Asae alisema mgongo unamuuma. Andika hilo, Sajini. Nililibeba mimi.

Jumanne tarehe 9 ilikuwa mkesha wa Idi. Saa nne asubuhi nilimfunika Intan kwa kanga ya batiki ya Minah, ikafika chini kabisa. Hii ni desturi yetu wenye ndege. Fataki zikianza, tetere akishtuka anaweza kunyamaza miezi sita. Ukishamfunika humfunui mpaka fataki ziishe. Unaingiza mkono chini ya kitambaa, unabadilisha maji na nafaka, hutazami. Asae anaijua desturi hiyo kama mimi. Nilimfundisha.

Saa tano asubuhi nilikwenda kazini. Nilirudi saa mbili usiku. Nilimkuta Asae kasimama dirishani, tundu la dukani liko wazi, tupu. Akasema Rohani alikuwa anaweka maji, fataki ikalia, ndege akatoroka. Nikampa pole. Nilimwambia wajukuu watalia kidogo watanyamaza, na nikamtania kwamba ndege amekimbia mkono wa mkewe. Rohani hakucheka. Alikwenda chumbani.

Jumatano tarehe 10, Idi. Tulisali, tukaenda kaburini kwa Minah, tukarudi nyumbani saa nne. Nilikuwa nimepika ketupati, ule wali wa kufungwa kwa majani, na rendang ya nyama ambayo, sijisifu, ilinuka mpaka jengo A. Nilikaa kwenye kiti. Asae akapiga magoti mbele yangu, akashika mkono wangu, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake. Sajini, wewe pia umefanya hivi juzi kwa wazazi wako. Mdogo anaomba radhi kwa mkubwa wake. Alisema, "Abe, nisamehe makosa yangu yote, ya nje na ya ndani." Kila mwaka anasema hivyo, kila mtu anasema hivyo. Lakini safari hii alikaa chini muda mrefu, na mkono wangu ulilowa. Nilifikiri analia kwa ajili ya Minah.

Mimi nilikuwa nimetia ketupati mdomoni, mdomo umejaa, sikumjibu kitu. Nilimpigapiga tu begani. Andika hivyo.

Alhamisi tarehe 11, saa tatu asubuhi, niliwasindikiza stendi. Siku ya Idi nilikuwa nimewapa kopo kubwa la biskuti za sikukuu, zile za nanasi, nilizioka mwenyewe. Rohani alilipakata. Nilitaka kumsaidia kubeba, akasema, "Acha Abe, hili nitabeba mwenyewe." Nikaona kifuniko kimetobolewa matundu madogo. Nikamwambia, "Shemeji, biskuti zangu zinapumua?" Wakacheka wote wawili. Asae alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi naujua mzaha wangu una uzito gani, na mzaha ule haukustahili kicheko kile. Lakini mtu akikuchekea unafurahi. Basi liliondoka saa nne kamili. Nilisimama nikipunga mkono mpaka likapinda kona.

Ijumaa tarehe 12, fataki zilikuwa zimeisha. Saa moja na nusu asubuhi nilivuta kanga. Ndege alikuwepo. Nilipiga vidole, tak, tak. Akanitazama. Nilipiga tena. Nikangoja mpaka kahawa ikapoa. Ndipo akaimba, mbele, kidogo ya kati, basi. Akaanza tena mbele. Mwisho hakuna.

Nilisema ni fataki. Kweli, nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu. Kisha nikamtoa, nikatazama mguu wa kushoto. Kidole cha nyuma hakikuwa na ukucha.

Hapo nilimshukuru Mungu, Sajini. Kama dakika moja nzima. Halafu nikavaa miwani. Ukucha ulikuwa umekatwa kwa mkasi, pale pale unapotokea, na damu imekauka nyeusi. Ndege alivuta mguu nilipomgusa. Intan jeraha lake limepona miaka sita iliyopita.

Aliyekata alijua nitatazama wapi. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Kuchukua, sawa, mtu anatamani, anachukua. Lakini kukaa kwenye sebule yangu, na mkasi wa jikoni kwangu, kumshika yule kiumbe na kuwaza, Abe atatazama hapa.

Saa mbili na dakika ishirini nilimpigia Asae simu. Alipokea Rohani, nikasikia nyuma yake sauti. Mbele, kati, mwisho. Nilimsikia Intan kwa simu, mpaka alipomaliza. Rohani akampa mumewe simu.

Nilimwuliza Asae umefanya nini. Hakukataa. Alisema Intan anapotea bure kwenye fleti ya mpishi, ndege kama yule anatakiwa mlingotini, watu wamsikie. Alisema mimi nina kelele tu za jikoni, mtu wa ndege alikuwa Minah. Nikamwambia mrudishe. Akasema, "Abe, ulishanisamehe. Siku ya Idi, mbele ya mke wangu. Ya nje na ya ndani. Sasa unadai nini?" Akakata simu. Nilipiga mara tisa, haikupokelewa. Jioni dada yetu alinipigia kutoka Tak Bai kunipongeza kwa zawadi kubwa niliyompa mdogo wangu.

Nimekuja na ndege wa dukani. Ndiye huyo mezani kwako, ukimsikia anaanza anaanza tu usimlaumu, ndiyo sauti aliyopewa. Nimekuja na mkasi. Namtaka Intan arudi kabla hawajampandisha kwenye mlingoti wa mashindano, kwa sababu akizoea kuitika makofi ya watu mia, vidole vyangu viwili hatavisikia tena. Sidai kitu kingine.

Niliyoyajua nimeyasema, na hayo ndiyo maelezo yangu.

(Dole gumba la kulia la shahidi)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Zulaikha binti Mansor, nikamsomea shahidi neno kwa neno, saa tano na nusu asubuhi. Nimepokea mkasi mmoja kama kielelezo. Ndege amerudishwa kwa shahidi. Nimemweleza kwamba mtuhumiwa yuko nje ya nchi, na kwamba ikiwa shauri litakwenda mbele, ataulizwa kwa kiapo juu ya kila sentensi. Shahidi akauliza kama kiapo ni kwa msahafu. Nikamjibu ndiyo. Akaomba kurekebisha jambo moja.

NYONGEZA YA SHAHIDI

Usifute samaki, Sajini. Naona unavyonitazama. Samaki alikuwa wa kilo kumi na moja, na yule mkubwa alikula bakuli nne. Yote hayo ni kweli.

Ni ile ketupati. Mdomoni hakukuwa na kitu. Niliitia kwenye maneno yangu jana usiku, nilipokuwa nimelala nikipanga nitakachokwambia. Asae alipoomba radhi nilimwinua kichwa, nikamshika hapa na hapa, mashavuni, nikamjibu, "Nimekusamehe, mdogo wangu. Ya nje na ya ndani, ninayoyajua na nisiyoyajua." Hayo ya mwisho hakuna aliyeniomba. Niliyaongeza mwenyewe, nilitaka yapendeze. Alikuwa ananitazama machoni wakati nayasema.

Kwa hiyo akisema nilimsamehe, hasemi uongo, na mimi siwezi kulirudisha neno langu. Lakini ndege sikumpa. Andika yote mawili, Sajini, na usiniulize lipi lije kwanza.

(Dole gumba la kulia la shahidi)