Bendi Nzima Imeshuka Kukufuata

Baba,

Gitaa lako kavu, lile lisilohitaji stima, bado lina ule ufa karibu na shimo, na plasta uliyoubandika. Nilitaka kuitoa, Mama akakataa katakata.

Jana tulipiga Voi, na nimejaa furaha mpaka siwezi kukaa kitako. Unakumbuka ulivyokuwa ukituuliza? "Mnapiga vizuri, lakini mnaimba nini?" Nilikuwa nanuna. Sisi ni watu wa roki bwana, ampi za kukuza sauti mpaka mwisho, Mwakio akizichapa ngoma zake, besi ya Wakesho ikitikisa mabati.

Ulipotuacha, hao wawili walipanda mlimani kwetu Mghange kukaa nasi matangani. Mama akasema hakuna ampi bomani kwake mpaka uzikwe. Tukabaki na gitaa lako tu. Tukakaa nyuma ya jikoni tukakutungia wimbo, Mwakio akigonga debe kwa vidole. Ndipo tukayasikia maneno yetu wenyewe, na Baba, mengine yalikuwa upuuzi mtupu. Tukayatupa.

Shida ilianza tulipoteremka Voi. Nilikaza nyuzi zako zilingane na magitaa ya stima, kama kila mtu anavyofanya. Wimbo ukafa. Kumbe wewe ulikuwa ukizilegeza zifuate sauti yako nzito ya kwaya. Nililia, Baba. Niliona nimekupoteza tena.

Wakesho ndiye aliyesema, "Lirudishe lilivyokuwa. Sisi ndio tutashuka."

Tukashusha magitaa yote. Sauti ikaja nzito, ina nafasi ndani yake, ya mtu kupumua. Siku hizi kila wimbo unaanzia kwenye gitaa lako, ampi zimezimwa. Ukisimama wenyewe, ndipo tunachomeka nyaya. Usidhani tumekuwa wapole, tukifika kwenye kiitikio mabati bado yanalia.

Jana Mama alikaa mbele kabisa, na kitambaa chake cha kanisani. Niliogopa. Kama kelele zetu zingemzuia kuusikia wimbo wako, ningeuacha. Ubeti wa pili nikamtupia jicho, midomo inacheza. Alikuwa anaimba, Baba! Mama, ambaye miaka yote alituita wenye kelele. Nilijivunia bendi yangu, nikajivunia wewe zaidi, nusura nisahau kupiga.

Pumzika sasa, mzee wangu. Nyuzi zako sitazikaza tena, hilo nakuahidi. Anayetaka kupiga nasi, atashuka.

Mwanao.