Kata Kikohozi Tu

Machi 4

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mama hajambo? Presha yake je? Mimi mzima, ila miguu inanilalamikia.

Bado naufuata mto polepole nifike unapoanzia. Leo asubuhi ukungu ulikaa juu ya maji mpaka chai ikanipoa mkononi. Utauona. Dereva wa lori la mbao atakuletea kadi ya kamera ndani ya kiberiti, nimekifunga kwa uzi wa Mama kama kawaida. Watazamaji wanasema video zetu zinawatuliza, basi usiweke muziki. Maji yanatosha. Kuna mahali nakohoa, ni vumbi. Kata kikohozi tu.

Kaka yako


Machi 15

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, na presha ya Mama imeshuka.

Video niliiunganisha kando ya cherehani, hedifoni masikioni. Ukungu ulipofunguka nikajikuta nimebana pumzi. Sijawahi kuona kitu kinachokwenda polepole hivyo bila kuchosha. Mama aliacha kushona akatazama mpaka mwisho. Jirani wa saluni akapita: "Mwanao kasoma kote kule, kazi yake kutazama maji yakipita?" Mama akamjibu, "Na wewe kazi yako kutazama watu wakipita, tena hata kamera huna." Nilicheka mpaka machozi.

Siku hizi Mama halali bila kuitazama. Anasema ungekuwa unaumwa, angejua kwa kusikia tu. Nikarudisha hedifoni masikioni. Unanijua, mimi kusema ni kazi. Lakini vumbi gani hilo, kaka, na majani yote yamelowa?

Mdogo wako


Aprili 2

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Usiwe polisi, ni baridi ya huku juu. Kamera naiweka juu ya jiwe sasa, maana mikono inatetemeka. Mama mmoja mwenye duka la mwisho njiani huku kaniambia nipumzike. Nikamwambia, mto haupumziki. Akasema, "Mto hauna mapafu." Ana maneno yule!

Nimebakiza kidogo. Wewe kata, na Mama asijue, atapandisha presha bure. Iwe siri ya watoto wa tumbo moja.

Kaka yako


Aprili 13

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi sijui.

Safari hii nimekata mpaka mto ukawa unaruka. Imebidi nirudie kipande kilekile cha maji kuziba mapengo. Hakuna aliyegundua. Mtazamaji mmoja ameandika kwamba hii ndiyo video tulivu kuliko zote. Mama akasema, "Sikia, mwanangu katulia." Na mimi masikioni nilikuwa na wewe, unakohoa kama mtu anayepasua kuni, halafu kimya, halafu unajiambia peke yako, "Haya, twende."

Mficha maradhi... methali hiyo sitaki kuimalizia.

Rudi. Ukituma kadi nyingine yenye kikohozi, sikati. Nitachomoa hedifoni, Mama asikie.

Mdogo wako


Mei 9

Kaka,

Shikamoo. U hali gani? Safari hii nauliza kwa dhati, si kwa mazoea.

Kadi ilifika jana, bila barua, bila kiberiti, bila uzi. Ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, na fundo si lako. Nikamuuliza dereva kwa sauti, mimi huyu, mbele za watu. Akasema kapewa na mama wa duka la mwisho, naye kaletewa na wachunga mbuzi waliokuta kamera juu ya jiwe. Na mwenyewe? Akainama kuangalia matairi yake.

Nilichomoa hedifoni kama nilivyosema. Tukatazama na Mama. Maji yanatoka chini ya mwamba, membamba kama mkono wa mtoto. Kwa hiyo ulifika. Mwanga unatambaa juu ya mawe, unatambaa, mpaka unaondoka, na hakuna anayekuja kuzima kamera. Picha inakatika yenyewe. Ni nzuri kuliko zote ulizotuma. Haina kikohozi hata kimoja.

Mama akasema, "Umeona? Mzima kabisa."

Hapo nikamwambia yote. Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Hakulia wala hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu: "Umeanza kumsikia lini?" Nilipomjibu, akaenda kuchukua koti lake.

Labda uliiacha kamera ukasogea mbali ili nisisikie, kwa sababu ya barua yangu. Naomba iwe hivyo. Naomba iwe ni ukaidi wako tu.

Barua hii dereva haibebi. Naileta mwenyewe. Tumekaa ubavuni kwake kwenye lori, Mama na mimi, na kalamu inaruka kila tukiingia shimo. Kuanzia duka la mwisho tutapanda kwa miguu. Ukisikia watu kwenye mawe, usiite, utachoka. Kohoa tu. Kikohozi chako nakijua kuliko mtu yeyote.

Mdogo wako