Kadi ya Chonga Imerudi

Mama,

Uji uko kwenye themosi. Dawa ya presha umeze baada ya kula. Nimeenda Shimanzi kwenye mahojiano ya kazi. Nikiipata, tutamtafutia kaka Chonga wakili mwingine.

Samahani kwa ya asubuhi. Nilipokwambia kadi uliyomtumia imerudishwa kwa kujaa salamu, ulisema, "Kwani mwanangu nimsalimie mbiombio kama mpita njia?" ukajifungia chumbani. Sikukucheka, Mama. Lakini salamu za majirani wa Tudor nzima zimevuka hadi upande wa kulia, ambao huachiwa anwani peke yake, hata jina la nchi halisomeki. Tena kipande ulichokata kwenye kalenda kukifanya kadi kimezidi kipimo cha posta. Na gereza la kule ng'ambo alikofungwa halipokei barua za bahasha, ni kadi tu. Kwa hiyo kaka bado hajui kwamba tumemzika Baba.

Hii hapa kadi ya kipimo sahihi. Kulia nimeshaandika jina lake, nambari yake, gereza, mji, na nchi kwa herufi kubwa mstari wa mwisho. Usipaguse.

~~Kushoto mwandikie kwamba Baba anaumwa. Ukweli tutamwambia akitoka.~~

Hapana. Akitoka ataingia hapa akimwita.

Kushoto nimekuachia wewe. Hapatoshi salamu za majirani. Panatosha habari ya kifo na jina lako, basi. Nimejaribu kukuandikia kwenye karatasi nyingine, nikakwama kwenye neno "Kaka".

Bintiyo,
Mbodze