Mfyonza-Mbuzi na Mbwa Wako Canelo

Perchas, Morovis,
Puerto Rico.
12 Novemba 1995

Mpendwa mdogo wangu Edgardo,

Pokea salamu za milimani. Natumaini kikohozi kimekuachilia na baridi ya Chicago inavumilika. Sisi hatujambo. Goti linamsumbua Mama, ila sauti yake bado inafika barabarani.

Bila shaka habari za chupacabras, yule mfyonza-mbuzi, zimekufikia huko. Basi zimeingia zizini kwetu. Jumanne asubuhi tuliwakuta mbuzi wawili kati ya watatu wa Mama wamekufa, kila mmoja ana matundu mawili shingoni. Majirani wakajaa uani. Chago aliapa kwamba amemwona mnyama huyo akiruka, ana miiba mgongoni. Mkewe akamjibu, “Wewe! Ukitoka kwenye ramu hata mlango wako huuoni.”

Mzee Eladio peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama Canelo, mbwa uliyetuachia.

“Doña Carmín,” alimwambia Mama, “mbwa akishaonja damu haachi. Niachie mimi, bunduki ninayo.”

“Kampige nayo mfyonza-mbuzi, Eladio,” alisema Mama. “Huyu hata mfupa wa kuku unamshinda.”

Wajua nilisomea wanyama chuoni. Nilipokuwa nikiwafukia mbuzi, niliona manyoya ya rangi ya mdalasini, kama ya mbwa wako, yamenasa kwenye waya wa zizi. Lakini Canelo hupita hapo kila siku. Pengine hayathibitishi lolote. Nilinyamaza, na sina hakika kama ilikuwa busara au woga. Kila asubuhi Mama anapomwita mbwa huyo ale, hutaja kwanza jina lako, ndipo hujisahihisha.

Sasa jua likizama humwingiza chumbani na kumfunga kwenye mguu wa kitanda, yeye ambaye hakuwahi kuruhusu mbwa avuke kizingiti. Nilipomuuliza sababu, alisema, “Mfyonza-mbuzi asije akamdhuru.” Fundo lenyewe, Edgardo, ni lile la kufungia fahali.

Tangu hapo mbuzi aliyebaki hajaguswa. Mama huwatangazia watu kwamba yule mnyama amehamia Orocovis. Ukipiga simu, tafadhali muulize hali ya mbwa, usimuulize ya mbuzi.

Msalimie mkeo Ivelisse na binamu yetu Wanda. Mama analalamika kwamba mara ya mwisho ulikata simu bila kumwomba baraka. Hata hivyo amekupa: Mungu na Bikira wakufunike popote ulalapo.

Dada yako akupendaye daima,
Migdalia