Mgonjwa Asiyekula Peke Yake

Mama yangu,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kukunja uso. Mwili wangu ni mzima, kichwa ndicho kinachochemka. Goti lako linasemaje? Bado unalipeleka shambani kana kwamba halina mwenyewe? Na mpunga, mmeshauvuna au ndege wamewatangulia? Barua hii nampa jirani yangu mmoja wa hapa Nyalukemba anayeshuka huko kwetu Luvungi kununua mchele. Kaka Bahati akusomee polepole, asiruke mistari. Namjua, husoma kama mtu anayefukuzwa.

Juzi kwenye simu uliniambia maneno machache tu: "Weka sinyatire, urudi kwako. Mutoto iko nakulilia." Kisha mtandao ukakata, nikabaki na simu mkononi na hasira kifuani. Sikukukasirikia wewe, Mama. Ila hukusikia habari yote ya sahihi hiyo, na sitaki ulale ukifikiri nimemsahau mwanangu. Nilimwahidi Neema kwamba shule zikifungwa tu nitakuwa nyumbani, na ahadi hiyo inaniuma kuliko inavyokuuma wewe.

Unajua kilichonileta huku Bukavu. Pale kwenye kituo chetu cha afya nilikuwa nimechoka kuwaona wagonjwa wa sukari na watoto waliovimba kwa bwaki, ule utapiamlo, wakipona, wakienda, wakirudi vilevile. Nikasema nisome zaidi, uuguzi wa ngazi ya juu na lishe ya wagonjwa. Nilidhani nitafundishwa kulisha watu. Hadi leo nimefundishwa zaidi kupiga hesabu. Vitabu vyenyewe ni vya Ulaya. Mgonjwa wa humo anakula samaki nisiyemjua, na jibini, na majani ambayo hata ukizunguka soko lote la Kadutu utachekwa ukiyataja. Sisi tunakaa tunageuza: penye jibini weka maharage, penye yule samaki weka sambaza, dagaa wetu wa ziwani. Ukiuliza sana unaambiwa unachelewesha darasa.

Basi ukafika wakati wa staji, mafunzo ya kazi hospitalini. Kila mwanafunzi anapewa mgonjwa mmoja, anampangia chakula, anamfuata mpaka atoke, halafu anaandika ripoti. Msimamizi wetu, tunamwita Asista, akiikubali umemaliza. Akiikataa unarudia staji yote muhula unaofuata.

Mimi nilipewa mzee mmoja fundi cherehani mwenye ugonjwa wa sukari. Wodi nzima inamwita Papa Fundi. Alikuwa akichomwa insulini kabla ya kula, na chakula alipikiwa na mke wake kwenye jiko la nyuma, maana unajua hospitali zetu hazipiki. Nikapiga hesabu zangu vizuri: bugali kiasi hiki, maharage kiasi hiki, mboga za lengalenga za kutosha. Nikamfundisha mama wa watu kupima kwa kikombe. Alipima kwa uaminifu ambao hata mimi sina. Lakini kila mara baada ya chakula cha mchana sukari ya mzee ilianguka. Jasho, kutetemeka, maneno ya mlevi, nasi mbio na maji ya sukari.

Asista akanigeukia mbele ya wenzangu wote. "Madame Furaha, calcul yako iko fausse. Unataka kuua mugonjwa wa batu?"

Mama, nilitamani sakafu inimeze. Nilirudia hesabu mpaka namba zikaanza kucheza machoni. Sikuona kosa.

Siku moja niliamua kusimama mlangoni wakati sahani inaingia. Kitanda cha pili yuko kijana wa Bunyakiri aliyevunjika mguu, hana ndugu hapa mjini. Papa Fundi akanawa mikono, akamtazama kijana, akasukuma sahani ukingoni mwa kitanda. "Karibu, tukule." Kijana akala. Hawajafika mbali, shemeji wa mzee akaja kumwona mgonjwa, naye akaambiwa anawe. Insulini ilikuwa imepimwa kwa sahani nzima, na mzee alikula kama nusu yake!

Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Mimi, niliyelelewa kwako, ambako mtu akipita mlangoni watu wanakula lazima avutwe ndani hata akisema ameshiba, nimekaa wiki nzima napiga hesabu ya sahani ya mtu mmoja. Nani kwetu amewahi kuwa na sahani ya mtu mmoja? Hivyo ndivyo shule inavyokutoa akili ukiiachia.

Nikamweleza Asista. Badala ya kufikiri, akaagiza liletwe pazia la wodi lenye magurudumu, mzee azungushiwe wakati wa kula. Papa Fundi alilitazama, akaitazama sahani, akaisogeza mbali.

"Munganga, miye haiko mwizi. Nikule nyuma ya pazia juu ya nini? Ule kijana iko nasikia harufu. Munitoleye hii kitu, ao narudi kwangu."

Hakugusa hata tonge, na insulini ilishaingia mwilini. Siku ile ilibaki kidogo tu atuponyoke. Tulimrudisha kwa maji ya sukari.

Hapo ndipo nilipochukia kweli. Nikaenda kwa daktari wa wodi nikamwomba tumchome mzee baada ya kula, kwa kadiri ya alichokula yeye mwenyewe. Kwa aina ile ya dawa inawezekana. Daktari akakubali, akaandika. Pazia nikalisukuma mwenyewe hadi ukumbini. Tangu hapo kazi yangu mchana ikawa kukaa pembeni na kuangalia mkono wa Papa Fundi unakwenda sahanini mara ngapi. Naye alipogundua, akaanza kunisumbua: "Munganga, unaangalia tu? Nawa, tukule!" Sukari ikatulia. Wiki iliyopita alitoka kwa miguu yake, ameshika mkono wa mke wake.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Asista akaniita. Anataka ripoti iseme kwamba mzee alipona kwa sababu ya pazia, kwani pazia ni wazo lake na anataka wodi zote zilitumie kwa wagonjwa wa sukari. Nikiandika hivyo, anaweka sahihi na mimi naja nyumbani. Nikikataa, staji haikubaliki, kwa sababu pazia nililitoa bila ruhusa yake.

"Ni phrase moja tu, Madame. Inakuuma wapi?"

Sentensi moja tu, anasema! Nilikwenda kwa mkuu wa idara, akaniambia tupatane. Tupatane na nini? Wenzangu nao wananishangaa, wanasema ningeandika tu nikapanda gari.

Mama, kama uongo huo ungenihusu mimi peke yangu, ningeuandika na kukukimbilia leo. Lakini kesho watamfungia mzee mwingine nyuma ya pazia, dawa imeshaingia, naye atasogeza sahani kwa aibu, na huenda siku hiyo hakuna anayemwangalia. Huyo sitaweza kumrudisha kwa maji ya sukari nikiwa Luvungi.

Leo asubuhi nimepeleka ripoti kama mambo yalivyokuwa. Asista hakuifungua. Aliiweka chini ya nyingine, akasema tutaonana muhula ujao. Kwa hiyo siji, Mama. Narudia staji yote, na hasira bado ninayo.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na tantine anayeuza mawese sokoni, mwambie nimepokea ndizi zake ingawa zilifika zimeiva kupita kiasi. Nisalimie pia mama Celina wa kwaya, aendelee kuniombea, ila amwombee na Asista.

Neema usimdanganye kwamba nakuja kesho, wala usisingizie barabara. Mwambie mama yake angeweza kurudi, ila amekataa mwenyewe. Atakasirika. Mwache anikasirikie. Nami najikasirikia tangu asubuhi, na hata hivyo ile phrase nisingeiandika.

Binti yako mkaidi anayekupenda,
Furaha